Kisahani cha Bega

Bajaji ilipinduka Sinza Mori, mvua ya saa kumi na moja,
nikatua kwa bega,
mfuko wa rasta kifuani haukupata hata tope.

Dokta Kokubelwa alinichorea nyuma ya risiti:
Bega, Sikudhani, si kinu cha kuzamisha mchi.
Ni kisahani tu, kama cha kahawa,
na mfupa wa mkono umekaa juu yake kwa kubembelezwa.
Chako kimemeguka ukingo.

Nikamwuliza, utanipasua kutoka wapi hadi wapi?
Maana shangazi wa Mabibo alirudi na mshono kama reli,
na mkono wake mpaka leo haufiki kwenye kilemba.
Matundu matatu, akasema.
Moja la kamera, mawili ya kazi.

Mimi nasuka tangu darasa la sita.
Nilimwelewa kabla hajamaliza:
kupita penye upenyo bila kuchokoza ngozi,
kuona kwa ncha ya kidole,
fundo linalokaza lakini halivuti kichwa.

Kabla ya usingizi niliiona kofia yake ya bluu,
na chini ya kofia, kisogoni, njia ya nywele imepinda.
Nikataka kumwambia.
Ulimi ukazama.

Wanasema walijaza maji ndani ili waone.
Kwenye runinga bega langu lilikuwa bwawa,
nyuzinyuzi nyeupe zikielea kama katani,
kipande kikasukumwa, kikasita, kikarudi ukingoni.
Skrubu mbili, fupi kuliko njiti ya kiberiti.
Kisha uzi. Fundo. Uzi.
Fundo.

Bima ilikubali pamba, ikazikataa skrubu.
Drayeri kubwa sasa iko kwa Nasra.

Wiki sita mkono umening'inia shingoni,
halafu mazoezi: vidole vinapanda ukuta kama mjusi,
kila Jumatatu naweka alama ya penseli
pale vilipochoka.
Alama ya tatu na ya nne zimelingana. Nililia siku hiyo.

Leo ameketi binti wa jirani, anataka twende kilioni.
Mkono umepanda hadi usawa wa sikio, ukagoma.
Sikubishana nao. Nimemhamishia mtoto kwenye kigoda kifupi,
kichwa kikanifuata chini.

Mistari minne tayari.
Wa tano umepinda kidogo, mama yake asingeuona.
Nimeufumua.