Meno Matatu

Simu iliingia saa moja, nikiwa bado napuliza chai.
"Wewe ndiye unayesaga visiki?"
Ndimi. Napima kipenyo, natoza kwa sentimita,
chenga za mbao nakuachia, ni mali yako.
Jino la mashine likivunjwa na mti, hasara yangu.
Likivunjwa na kitu kingine, tutaongea.
Hilo la mwisho nalisema mbio mbio
kama msomaji wa vigezo na masharti redioni.

Mtaa unaitwa Pasua; utani wake nimeshauzoea.
Kisiki ni cha mgrivea, ukingoni mwa njia,
sentimita themanini na mbili, kinanifika pajani,
kimeachwa na vijana wa msumeno.
Wao huondoka na magogo.
Mti hugombewa na wengi: wa mbao, wa kuni, wa kivuli.
Kisiki hubaki na mimi.

Mtangazaji wa mpira akimpenda beki husema huyu kisiki.
Angekuja akione chenyewe
kilivyokaa kimya, sijui kimekabidhiwa goli gani,
na injini inaunguruma mbele ya pua yake.

Aminieli, mwenye kiwanja, alikuja na viatu vyeupe.
Duka la dawa, akasema. Maegesho ya magari manne.
Akachora hewani kwa ufunguo: hapa, hapa, hapa,
na la nne akapanda juu ya kisiki kulionyesha.
Nikamwomba ashuke.

Gurudumu likaanza kulamba. Kushoto, kulia,
inchi moja chini, kushoto, kulia.
Gome likatoka kijivu, kisha nyama ya waridi,
na harufu ya daftari jipya lililonyeshewa.
Sangiwa akizoa chenga kwa koleo.
Kwa nusu saa sikuwa na jina wala deni.

Kisha cheche.
Mlio wa sufuria iliyoangukia saruji.
Nikazima. Jino la kwanza halipo, la pili nusu,
la tatu linacheza kama la mtoto wa darasa la kwanza.
Tukapiga magoti na patasi, tukachokoa,
tukatoa misumari ya inchi sita, minne,
na kati yake bati ambalo mti ulilikunja polepole,
mwaka baada ya mwaka,
kama mtu anayeficha barua asiyotaka kuichoma.
Sangiwa akalinyoosha kwa nyundo.
Rangi nyekundu, herufi za mkono:
KIWANJA HIKI HAKIU
Iliyobaki ilikuwa imeliwa na meno yangu.

Mama Ndeshi, muuza ndizi mshale ng'ambo ya njia,
alicheka mpaka akaweka kisu chini.
"Mlidhani mzee Ndewirwa alilibandua?
Madalali walikuwa wakija usiku kuling'oa,
asubuhi naye anapigilia jingine, chini zaidi,
misumari mirefu zaidi.
Mwisho akaacha. Mti ulikuwa umeshafumba mdomo."

Aminieli akasoma, "Hakiu,"
akaitafuta silabi iliyobaki ndani ya chenga
kwa ncha ya kiatu, ambacho sasa hakikuwa cheupe.
Nikamkumbusha meno matatu.
"Hilo ni deni la baba," akasema.
"Amelala Kibosho, migombani. Kamdai."
Kisha akalipa mawili. La tatu akasema tugawane,
na sikuelewa nani na nani.

Bati alilichukua Sangiwa.
Limeziba tundu la banda lake la kuku,
maandishi yakiwa ndani, wanasoma kuku.

Nilifukia saa kumi, nikashindilia kwa buti
mpaka pakawa kama kwingine kote.
Nafunga mashine kwenye trela
Mama Ndeshi akavuka njia na beseni kichwani.
Alipofika pale akapinda kidogo kushoto,
akakizunguka kisichokuwepo,
akaendelea na safari yake.