Tundu la Arobaini na Moja

Saa kumi na moja jioni, mlimani juu ya Vallenar,
upepo wa jangwa unakwaruza bati.
Yasna Barraza ameketi na sahani ya alumini magotini,
pana kama sinia la harusi,
matundu mia tatu, kila tundu nyota yake.
Anachomeka nyuzi za kioo kwa mkono,
mmoja, mmoja,
kama anayesuka nywele za mtoto asiyetulia.

Usiku hataziuliza nyota zinang'aa kiasi gani.
Ataziuliza: mlinyonya nini?

Maana zipo zilizozaliwa pamoja, wingu moja, kitovu kimoja,
kisha galaksi ikazivuta huku na kule,
bila hasira, bila haraka,
hata wa tumbo moja wakawa pande mbili za giza.
Nyayo zimefutika.
Imebaki damu:
chuma kadhaa, magnesiamu kadhaa, bariamu iliyopita kipimo.

Saa nane usiku mwanga unafika umechanwa,
rangi zote zimelala foleni
na mistari myeusi katikati, kama mapengo ya meno.
Dakta Rosamel anasogeza miwani.
Tundu la arobaini na moja. Tundu la mia mbili na sita.
Mapengo yaleyale.
"Ndugu hawa," anasema.
Anakunywa chai iliyopoa.
"Au wamefanana tu."

Lithiamu usiishike, anasema, huungua.
Na kuna nyota huimeza sayari yake mwenyewe,
chuma kikapanda,
ikarudi kwao isitambulike.

Yasna hajibu.
Mwaka jana, stendi ya mabasi ya Copiapó,
alimfuata mwanamke mwenye kidevu cha marehemu mama,
akampita muuza magazeti, akapita choo cha kulipia,
moyo ukimtangulia.
Mwanamke akageuka.
Hakuwa wa kwao.
Alikuwa na machungwa ya kuuza; Yasna akanunua manne,
akayala yote ndani ya basi, na maganda akayaweka mfukoni.

Alfajiri anachomoa nyuzi. Vidole vinawaka.
Sahani itarudi stoo, kesho ni anga nyingine.
Kwa penseli, juu ya alumini,
anavuta mstari kutoka arobaini na moja hadi mia mbili na sita.
Anaufuta kwa kidole gumba.
Unabaki weusi mwembamba,
ukiinamisha sahani kwenye taa,
unauona.