Historia kwa Ufupi, Mistari Mitatu

Fomu kaileta kijana wa wilaya kwa pikipiki,
imekunjwa mara nne, inanuka petroli.
Jina la shehia. Mipaka. Idadi ya vijiji.
Historia kwa ufupi: mistari mitatu.
Sheha ana homa. Kaniambia, Kazija, jaza wewe,
maandishi yako yanasomeka.
Nina kalamu ya wino wa buluu
na meza inayoyumba.

Jina: Mlango wa Maji.

Mipaka: kaskazini, mikoko, kama maji yamekupwa.
Yakijaa, kaskazini ni bahari, na mpaka wetu husogea
mara mbili kwa siku, bila ya kibali.
Mashariki, maweni, ardhi yenye meno;
muhogo hupandwa kwenye vishimo vya udongo
visivyozidi upana wa ungo.
Magharibi, vilima vya mikarafuu.
Kusini, barabara ya lami. Huitwa hivyo
kwa kuwa lami iliahidiwa.

Vijiji:
Kwale Tatu, penye skuli na msikiti wa bati jipya.
Chungani, kwa wafinyanzi. Vyungu vyao, husema,
havipasuki ila kwa mwenye choyo;
changu kimepasuka, nami sisemi kitu.
Jitenge, waliohama kwa ugomvi wa mbuzi.
Ugomvi umekufa, jina limebaki,
mbuzi wamezaana pande zote mbili.
Kisima Kimoja, kina visima viwili.
Mizanini, palipokuwa na mizani ya karafuu
iliyokula ratili mbili katika kila frasila;
chuma chake sasa kinafungiwa ng'ombe.
Na Eka Tatu, waliogaiwa baada ya Mapinduzi.
Bibi yangu Time alipewa mikarafuu thelathini.
Usiku akatoka na kandili kuihesabu tena,
akapata thelathini na mmoja,
akanyamaza mpaka alipokufa.

Hivyo ni sita. Wilaya inavijua sita.

Cha saba ni Mtondooni.
Bonde la mpunga, nyumba ishirini na mbili, mitondoo kwenye kingo.
Bahari ilivunja tuta usiku wa bamvua.
Mwaka wa kwanza wakaziba, wakacheka.
Mwaka wa pili wakavuna makapi.
Wa tatu waling'oa milango, kwani mlango ni ghali
na ukuta wa udongo haubebeki.
Milango ya Mtondooni ipo, ukiijua.
Mmoja ni wa banda la kuku la Faki Mbwana.
Mwengine ni wa choo cha skuli.
Wa tatu, wenye maua ya kuchongwa na tundu la komeo,
ndio meza hii ninayoandikia;
kalamu huzama kila ikifika kwenye ua.

Kijana wa wilaya alisema, kijiji ni watu,
pale hapana hata moshi.
Mize binti Hija, aliyezaliwa kule, alikuwa anapepeta mchele wa duka.
Hakuinua macho.
"Na makaburi yale tuliyapanda kama muhogo?"

Maana wao hawazikwi kwengine.
Akifa mtu wa Mtondooni, awe Wete, awe Unguja,
huletwa hapa, akalazwa barazani,
na sote tukakaa tukisubiri maji.
Dua husomwa, kahawa hunywewa, watoto hutumwa pwani
kutazama kama jiwe la Panju limetokeza.
Likitokeza, jeneza huinuliwa,
wanaume hupita njia ya tope hadi magotini,
haraka, na kurudi haraka,
kabla ya mpaka kusogea.
Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu.
Kanga yangu bado ina chumvi.

Pikipiki itarudi Alkhamisi.
Idadi ya vijiji, nimejaza:
saba, maji yakipwa.
Atakata, najua, ataandika sita juu yake.
Nimekandamiza kalamu hadi ubaoni.

Historia kwa ufupi.
Nimeitazama mistari ile mitatu mpaka taa ikaanza kufifia.
Haitoshi hata majina ya waliobeba milango.
Basi nimeiacha miwili mitupu,
na katika wa kwanza nimeandika:
Tazama nyuma.