Hodi Haikupigwa

Usiku wa kuamkia Jumanne,
saa ambayo hata punda wa Langoni wameacha kulia,
kompyuta zangu tatu zilivuliwa nguo zikavikwa nyingine.
Sikuombwa. Asilimia thelathini, asilimia sitini,
nami nyumbani namkanda mama miguu, sina habari.

Asubuhi nikafungua duka.
Pembe zote zimelika zikawa duara
kama sabuni iliyofuliwa wiki nzima.
Kitufe cha kuanzia, kilichokaa chini kushoto
tangu nilipokuwa nachapa kwa vidole viwili,
kimehamia katikati, kimejipanga na wenzake
kama wageni wa heshima jukwaani.
Pale pembeni wameweka hali ya hewa:
mawingu kiasi, nyuzi ishirini na tisa.
Jua lenyewe liko mlangoni, lanichoma shingo.

Wa kwanza ni Bwanaheri wa leseni za mashua.
Fomu zake azijua kwa mkono, si kwa macho.
Mkono ukaenda kushoto, ukabonyeza,
ukaambiwa kuna mawingu.
"Somoe, nimekuja kutoa nakala mbili.
Nani kauliza habari za mvua?"

Khuleta wa kidato cha tatu akacheka mpaka akashika meza.
"Tazama dirisha linavyofunguka, dada!
Laini, kama hina iliyokolea."
Akapanga madirisha manne kwa mpigo mmoja,
akamaliza kazi ya jiografia kabla ya adhana ya adhuhuri,
akaniachia shilingi kumi, chenji hakutaka.

Mwalimu Kazungu hakucheka.
Robo saa nzima alitafuta pa kuchapisha mtihani.
Pamefichwa nyuma ya vitone vitatu.
"Na hivi ni nini?" aliuliza.
"Sentensi iliyokata tamaa?"

Famau, wa ofisi ya majumba ya kale,
alisimama nyuma yangu, kalamu sikioni.
"Jana nimemnyima mtu kibali," akasema.
"Alitaka kupanua mlango wa babu yake apitishe friji.
Shubiri moja, Somoe!
Barua tatu, picha sita, kikao cha asubuhi mpaka alasiri.
Na hawa wamevunja baraza, wameziba daka,
hodi hawakupiga."

Nikamwambia: mlango ule ni wa babu yake.
Na mashine hii ni yangu, risiti ninayo.
Akatazama viatu vyake.
"Labda yule wa friji ndivyo anavyonisema mimi,"
akalipa, akatoka, kalamu yake akaisahau.

Ya nne, ile nzee ya ukutani, walikuwa wameikataa.
Umri umepita, walisema, nguvu haitoshi.
Nilishapatana bei na fundi aichukue kwa vipuri.
Sasa ndiyo yenye foleni.
Huwaka kwa dakika nne, hukohoa, husimama,
na Bwanaheri huisubiri mikono magotini
kama anayemsubiri mtu atoke msalani.
Nimeishonea kitambaa. Fundi nimemwambia arudi mwezi ujao,
na mwezi ujao nitamwambia vivyo hivyo.

Khuleta aniona mjinga.
"Mbona simu yako yabadilika kila siku na hulii?"
Sikuwa na jibu. Nikamwambia apunguze sauti.

Wiki ya tatu, jioni, wateja wameisha,
niliketi kwenye ile nzee nifunge hesabu.
Mkono wangu ukaenda katikati.
Hapakuwa na kitu. Buluu tupu.
Nikabonyeza tena, palepale, kwa nguvu zaidi,
kidole kikagoma kurudi kushoto
nilikokipeleka miaka kumi na mmoja.

Bwanaheri alikuwa akipita, akachungulia dirishani.
"Somoe, vipi leo? Kuna mawingu?"

"Kiasi," nikamjibu.