Daftari la Mlinzi

Ikifanya kazi, haina neno.
Mchana kutwa Somoe anaigonga vidole,
kilo za Mnyambe, kilo za Kitangari,
daraja la kwanza, daraja la pili, makato ya ushirika,
nayo inameza tu,
feni ikikoroma kama mtu aliyeshiba.
Akiiacha kidogo akanywe chai,
akirudi, imeganda.
Kipanya hakisogei. Kibodi haina habari.
Saa ya kioo imeshikilia saa nne na dakika ishirini na mbili
kama mtoto aliyekatazwa kupumua.

"Fundi Ausi, hii ina mashetani," akaniambia kwenye simu.
Nikapanda mlima kutoka Masasi kwa pikipiki,
bisibisi mfukoni,
ukungu wa Newala ukinilowesha kope.

Nilianza na ninayoyajua.
Nikaifungua ubavu, nikapuliza vumbi jekundu,
lile lile linalopaka kuta za hapa hadi usawa wa kiuno.
Nikachomoa memori,
nikayasugua meno yake kwa kifutio cha mtoto wa Somoe,
nikairudisha hadi ikalia ka!
Nikabadili waya. Nikasaka virusi.
Nikaibebesha kazi ngumu saa nzima,
nikitaka ianguke mbele ya macho yangu.
Haikuanguka.

Ikabidi nifanye jambo ambalo fundi halipwi:
nikae, nisiguse.

Giza lilipoingia akaja Nandonde, mlinzi,
na tochi, na bakuli la ming'oko.
Akaweka bakuli chini, akafuta kiganja kwenye koti,
akasogeza kipanya, kidogo, kushoto, kulia,
akatoka.
Baada ya robo saa, huyo tena.
"Unafanya nini, mzee?"
"Namgeuza," akasema.
"Karani aliniambia malipo yanapita usiku, asilale,
akilala ndiyo basi.
Mke wangu nilimgeuza hivi hivi miezi saba,
mgongo usichubuke.
Mkono umezoea."

Akanifunulia kauntabuku.
Mwandiko mkubwa, wino wa bluu, tarehe kwa tarehe,
alipogusa mara ya mwisho, na saa aliyoikuta kwenye kioo
kila alipochelewa:
*Jumatatu, saa saba na dakika kumi na nne. Mvua.*
*Jumatano, saa tisa kasoro tano. Mbwa walibweka ghalani.*
*Alhamisi, saa nane na nusu. Usingizi ulinishinda, samahani.*
Sijui alikuwa akimwomba nani samahani.

Nikahesabu kwa vidole.
Dakika ishirini tangu mguso wa mwisho,
haipungui, haizidi.
Basi si joto, si vumbi, si shetani wa Somoe.
Ikikosa kazi inajaribu kulala fofofo,
inaomba umeme kiduchu, wa kuvutia pumzi tu,
na kile kisanduku chake cha umeme, kikongwe, cha mtumba,
kilijua kutoa kingi.
Kutoa kidogo hakikujua.

Nikaizima. Nikaiwasha,
nikaiwahi kabla haijafumbua macho,
nikaingia kule ndani kunakoandikwa masharti,
nikaufuta ule usingizi mzito.
Sinzia, nikaiambia, lakini usizame.
Kisanduku kipya kitatoka Mtwara mjini, fedha zikipatikana.
Nikaliandika hilo kwenye karatasi; asubuhi Somoe atagonga muhuri.

Tukakaa wawili, hatukuigusa.
Upepo wa bonde la Ruvuma ukitikisa bati.
Saa saba. Saa saba na dakika kumi na nne.
Na kumi na tano!
Nandonde akacheka hadi akakohoa,
akanimenyea mng'oko,
akaandika kwenye daftari: *Imevuka.*

Saa tisa nikashtuka kitini.
Alikuwa amesimama pale, koti begani,
kiganja juu ya kipanya.
"Imepona, mzee."
"Najua," akasema,
akakisogeza, kidogo,
kushoto, kulia.