Magoli Yasiyoingia

Mimi ni mnoa vyuma hapa Kajaani,
mwaka wa thelathini na moja huu, chini ya ngazi za uwanja wa barafu,
katika chumba kinachonuka jasho, mpira na kahawa ya jana.
Sura za wachezaji huzisahau. Vyuma vyao, la.

Alikuja Novemba, begi moja, magongo manne:
Corwin Delorme, beki wa kushoto, miaka thelathini na mitano,
mzaliwa wa The Pas, Manitoba, ambako, alisema,
mto huganda kabla mtoto hajajifunza kuuogopa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulimpa jembe jioni ileile,
hajafumba jicho tangu Frankfurt.
Alicheza dakika ishirini na nne. Tulifungwa moja.

Usiku akaweka viatu mezani pangu.
Washambuliaji hulika vyuma mbele, nchani, kwa uchu wa kwenda.
Vyake vilikuwa vimelika kisiginoni.
Nikajua: huyu ameishi akirudi nyuma,
kama mtu atokaye mbele ya mfalme
asithubutu kumpa mgongo.

Nikamuuliza timu. Akahesabu kwa vidole,
vidole viwili havikunjiki tena:
Moose Jaw alipokuwa mvulana, Wichita, Boise,
Toledo mara mbili, na talaka katikati,
Székesfehérvár, aliyoitamka vizuri
kuliko jina la wakala wake,
Bolzano, Nottingham,
Karaganda, walikomlipa nusu fedha nusu ahadi.
Vidole vikaisha, akaendelea kwa vya miguu.

Na kule juu? Ligi kubwa,
ambako mtu habebi begi lake mwenyewe?
"Mechi tatu," akasema. "Februari.
Kuna mtu alishikwa na matumbwitumbwi."

Mfungaji ana daftari lake:
kila goli na tarehe yake, dakika yake, jina lake.
Nani huandika goli lisiloingia?
Lile la Januari, tulipocheza na watu wa Iisalmi,
Oskari golikipa yuko chini, anapapasa,
lango wazi kama mlango wa nyumba ya msiba,
kisahani kinakuja, huwezi kukiona, unakisikia tu,
na Corwin akajitandaza, ubavu ukawa ukuta.
Uwanja ulinyamaza. Pumzi moja hivi.
Kisha mchezo ukahamia upande wa pili
na macho elfu mbili yakaufuata.
Yangu yalibaki kwake, akiinuka,
goti, kisha goti, kisha gongo,
kama mtu anayeokota sarafu zilizomwagika.

Karatasi ya usiku ule ninayo:
Delorme, sifuri, sifuri, adhabu dakika mbili.

Jumapili aliiegemeza simu kwenye kopo langu la mafuta
akazungumza na bintiye, Junie, wa miaka minane.
"Baba, umefunga?"
"Hapana."
"Wao je, wamefunga?"
"Ukiwa mimi niko uwanjani, hapana."
Mtoto akafikiri kidogo.
"Basi mmetoka sare," akasema,
akaenda kula.

Machi goti lilivimba likawa kama tikiti.
Aprili ikaja barua ya klabu, mistari mitatu,
jina lake limekosewa.
Sikumwonea huruma, nisiseme uongo;
nimeona barua nyingi, na nyingine hazikuwa na jina kabisa.
Ila asubuhi ya safari aliniletea viatu.
"Vinoe."
Kwa timu gani?
Akainua mabega.

Nikavinoa polepole kuliko kawaida,
cheche zikaruka, zikafia sakafuni.
Kisiginoni nilipitisha jiwe mara moja zaidi.
Pesa nilizikataa, naye hakubisha sana.

Mikono yote miwili imejaa, begi, magongo, viatu,
akausukuma mlango kwa mgongo
akatoka kinyumenyume,
ananitazama.