Mshika Mbili

Kiinua mgongo changu kinakuja kwa mafungu matatu.
Fungu la kwanza limeshaingia, limeshatoka:
kodi ya miezi sita Tandika, ada ya Shufaa,
deni la kikoba, na shemeji
aliyenusa pesa tangu Mbagala,
akaja na pole, akaondoka na laki moja.
Mafungu mawili, barua inasema,
yatalipwa kadiri hali itakavyoruhusu.
Hali ni nani?
Ningemjua ningempelekea uji kila asubuhi.

Leo nimekuja kwenye mfuko, kudai fao la kukosa ajira.
Foleni tangu saa moja, namba yangu thelathini na tisa,
bahasha kwapani imejaa vivuli:
kivuli cha kitambulisho, kivuli cha mkataba,
kivuli cha barua ya kupunguzwa, nakala mbili,
shilingi mia kila kimoja kwa yule binti wa kona.
Miaka kumi na miwili kiwanda cha rangi Chang'ombe,
na nilichobaki nacho ni vivuli.

Mama Nyamizi wa chumba cha pili
alinivuta jana usiku pale bombani:
"Usiwatajie kile cha kiwandani.
Wakijua unalipwa huku, watakukata kule.
Mshika mbili, shoga yangu..."
Hakumalizia, ndoo yake ilikuwa inafurika.

Nililala nikiigeuza methali kama chapati.
Mimi nilishika moja.
Niliishika kwa mikono yote miwili,
sikuuza vitumbua pembeni, sikukosa zamu kwa mafua,
na hiyo moja ndiyo iliyoponyoka.

Dirishani, kijana mwenye miwani,
jina kifuani Mwakatumbula,
anauliza bila kuinua uso:
"Mwajiri amekulipa chochote?"

Ulimi ukawa gunia.
Nikamwona Mama Nyamizi na ndoo yake,
nikaona pingu, nikaona Shufaa amerudishwa na sare yake getini.
"Amelipa," nikasema. "Kidogo. Bado ananidai...
hapana, mimi ndiye ninayemdai."

Hapo akainua uso.
"Mama, kile ni cha miaka uliyokwisha kuitoa.
Hiki ni cha miezi usiyokuwa nayo.
Havigombani. Saini hapa, na hapa."

Havigombani!
Nusura nimwombe arudie kwa sauti
mpaka Tandika wasikie, mpaka bombani.
Theluthi ya mshahara, miezi sita:
mchele wa kupima, dagaa, umeme wa kuhesabu taa.
Si utajiri. Lakini si wizi.
Nikainama kusaini na mgongo ukalia kwaa,
cha kuuinua bado hakijatimia.

Nyuma yangu, namba arobaini,
Bwana Kilumanga, msimamizi wa zamu.
Ndiye aliyetusomea majina bohari mwezi wa sita,
tumesimama kati ya mapipa, karatasi inamtetemeka,
majina sitini na moja,
na la mwisho lilikuwa lake.
Alilisoma kwa sauti ileile.

Sasa anapapasa mfuko wa shati.
Kiwandani alikuwa na kalamu tatu daima,
ile nyekundu tuliiogopa kuliko moto.
"Zaituni," akasema, "una kalamu?"
Nilimpa. Ilikuwa inavuja kidogo,
nikamwonyesha namna ya kuishika.

Nikitoka, kiganja kikagusa ukuta wa ukumbi.
Rangi ya samli, namba kumi na saba.
Ni yangu hii. Nyeupe pipa zima,
manjano vikombe viwili, kahawia tone,
na kukoroga mpaka bega lisahau kuwa ni la mtu.
Wameipaka vizuri, ila pale karibu na swichi
imeanza kubanduka, vipande kama maganda ya kitunguu.

Nikasimama kidogo, watu wakinipita.
Kosa si la rangi.
Hawakupiga msasa kwanza.